WAKATI NA MUDA: DHANA MBILI ZISIZOPASWA KUCHANGANYWA

Miongoni mwa dhana ambazo watunga programu za kompyuta hawana budi kuzitenga ni mbili ambazo sisi huzieleza kwa neno moja, yaani "saa". Ya kwanza ni nukta ya wakati; ya pili ni urefu wa muda baina ya nukta mbili. Wakati ukitolewa katika wakati, jibu ni muda. Wakati ukiongezwa muda, jibu ni wakati mwingine. Bali kujumlisha nyakati mbili hakuna maana.

Mvuvi wa Delta ya Rufiji anaijua tofauti hii bila kuisomea. Maji yakijaa saa 3:00 asubuhi, hutaraji yajae tena mnamo saa 3:25 usiku, kwani baina ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Saa 3:00 ni wakati. Saa 12 na dakika 25 ni muda.

Taabu humpata mfasiri. Kwa kuwa sisi huhesabu saa tangu macheo, 9:00 ya asubuhi katika mashine huwa saa 3:00 kwetu. Tofauti ni saa sita. Kanuni hiyo yahusu wakati peke yake. Muda haubadiliki: safari ya saa tisa ni saa tisa kwa Mswahili na kwa Mwingereza.

Tuchukue mfano. Sasa ni saa sita mchana, na chombo kiendacho Mafia kitaondoka Nyamisati, wilayani Kibiti, baada ya saa tatu. Programu ikiandika "Kitaondoka saa tatu", abiria atafika gatini usiku, ilhali chombo kilikwisha kuondoka saa tisa alasiri.

Wako wasemao "masaa matatu" ili kuutenga muda na wakati. Walimu hulisahihisha umbo hilo, na ni haki yao. Lakini haja iliyolizaa ni ya kweli, nayo yataka jibu.

Kwa hiyo tunapendekeza "wakati" litumike kwa nukta na "muda" kwa urefu, na kwamba neno "saa" lisiachwe peke yake mbele ya msomaji. Iandikwe "saa tatu usiku" ukikusudiwa wakati. "Muda wa saa tatu" au "baada ya saa tatu" ukikusudiwa muda. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno hapa. Kilichopungua ni uangalifu wetu katika kuyatumia.