Chungwa la Muheza ni la kijani, lakini limeiva

Sisi wa Shirimatunda tunajivunia kahawa na ndizi. Jina la mahali petu lina neno matunda, ila machungwa mengi tunayonunua sokoni Moshi yanatoka Muheza, mkoani Tanga. Wenzetu wa Muheza wanajivunia chungwa lao kama sisi kahawa yetu. Ukipita kwa basi kutoka Segera kwenda Tanga wakati wa msimu, utayaona kando ya barabara.

Machungwa ya pwani ni ya zamani. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipofika Mombasa, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Januari 1499, wakirudi kutoka India, walitia nanga Malindi wakiwa hoi. Fizi zimevimba, wengi wamekufa baharini. Wagonjwa walitamani machungwa, wakaletewa. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Leo tunajua kwamba huletwa na kukosa vitamini C, nayo imo tele ndani ya chungwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalomuumiza mkulima. Mnunuzi akiona chungwa la kijani husema, "Bichi hilo," kisha anashusha bei. Hapo anakosea. Ganda la chungwa hugeuka manjano pale usiku unapokuwa wa baridi. Muheza iko chini, karibu na pwani, na usiku wake ni wa joto. Basi chungwa huiva ndani likawa tamu, na ganda likabaki kijani. Mchungwa ukipandwa huku juu penye baridi, ganda hupata rangi zaidi. Rangi inaeleza hali ya hewa kuliko utamu.

Utajuaje basi? Lishike mkononi, lililoiva lina uzito. Tena omba lipasuliwe moja uonje kabla hujanunua tenga zima.

Yapo kweli machungwa mabichi sokoni. Ndizi tunaivundika, nayo inaiva. Chungwa halivundikwi! Likishachumwa haliongezi utamu, hata ulifunike majani wiki nzima. Mara nyingine mkulima ana shida ya ada au ana mgonjwa, anauza matunda yangali maua. Mwenye fedha huchuma anapotaka yeye. Mkulima anapunjwa, na jina la Muheza linaharibika.

Anayetaka kupanda nyumbani atafute mche uliobebeshwa. Mbegu ya limau huoteshwa kitaluni. Shina likifikia unene wa penseli, ganda hukatwa mfano wa herufi T, jicho la mchungwa mtamu linapachikwa humo, kisha linafungwa kwa nailoni. Mche huo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na ule wa mbegu hukawia zaidi. Machipukizi yakitokea chini ya jicho yaondoe mapema. Hayo ni ya mlimau, nayo yatakupa malimau.