Tarehe ya domeni imesonga mbele, lakini je, umelipa?

Tovuti ya biashara yako inaishia kwa .com? Siku ya kulipia ilipita, hujalipa, ukiangalia rekodi ya umma ya jina lako unapata tarehe imeongezwa mwaka mzima. Usishangilie bado.

Verisign, wanaotunza orodha kuu ya majina ya .com, huongeza mwaka wenyewe jina likifika mwisho. Kampuni iliyokuuzia jina ina siku 45 za kulifuta na kurudishiwa pesa yake. Kwa hivyo tarehe hiyo haisemi kama wewe umelipa. Ukiona neno autoRenewPeriod, bado uko ndani ya siku hizo, na tovuti na barua pepe zinaweza kuzimwa wakati wowote. Oda za wateja nazo zipotee hivyo tu.

Likifutwa, una siku 30 za kulikomboa, kwa ada ambayo kawaida huuma. Siku tano baadaye, yeyote anaweza kulichukua.

Ukweli uko kwenye akaunti yako kwa hiyo kampuni. Na malipo ya kawaida ya Paybill hayajilipi, mpaka uweke PIN. Andika nambari ya akaunti vile ilivyo kwenye ankara (wengi hukosea hapa), kisha weka ile SMS hadi ankara isome imelipwa.