Kwa nini wafungaji bora wa NFL ni wapiga mikwaju?

Msikilizaji, ukimwuliza mtu wa soka nani mfungaji bora, atakutajia mshambuliaji. Kwenye futiboli ya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, jibu ni tofauti. Anayeongoza kwa pointi katika historia ya ligi yao, NFL, ni Adam Vinatieri. Kazi yake ilikuwa kuingia uwanjani, kupiga mpira mara moja na kurudi benchi.

Pointi zinahesabiwaje?

Mchezaji akiufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni: pointi 6. Baada yake, timu kwa kawaida hupiga mkwaju wa nyongeza wa pointi 1. Ikikwama njiani, inaweza kupiga mpira upite kati ya nguzo mbili, juu ya mtambaa wa panya: pointi 3.

Kwa hiyo timu ikifunga, mpigaji anapata. Ikikwama, anaweza kupata pia. Tena hagongwi sana kama wenzake, hivyo anadumu. Vinatieri alicheza misimu 24, kuanzia 1996 hadi 2019, akakusanya pointi 2,673. Jerry Rice, anayeongoza kwa tachidauni akiwa nazo 208, ana pointi 1,256, hata nusu ya hizo hazifiki. Na Tom Brady je, aliyerusha pasi 649 za tachidauni? Pasi hizo hazikumpa pointi hata moja. Pointi huandikiwa aliyedaka.

Mikwaju isiyoandikwa

Rekodi hizi zinahesabu msimu wa kawaida tu. Mechi za mtoano zina hesabu yake, na hapo ndipo penye kisa.

Mwaka 1998 Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa mpigaji wa Minnesota Vikings. Msimu mzima wa kawaida alipiga mikwaju 35 ya pointi 3 na 59 ya nyongeza. Haukupotea hata mmoja.

Januari 17, 1999, mechi moja kabla ya fainali ya Super Bowl, Vikings walikuwa wanawaongoza Atlanta Falcons 27-20, zimebaki dakika kama mbili. Anderson akapewa mkwaju wa chini ya yadi 40, kama mita 35 hivi. Mpira ukapita nje, kushoto. Falcons wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza Morten Andersen, mzaliwa wa Denmark, akapiga mkwaju wa ushindi: 30-27.

Lakini tazama takwimu za msimu ule: Anderson, 35 kati ya 35. Mkwaju aliokosa haumo. Ule wa Andersen nao haumo kwenye pointi zake 2,544. Wote wawili waliwahi kushika rekodi hii, Anderson kuanzia 2000 na Andersen kuanzia 2006, hadi Vinatieri alipoichukua mwaka 2018. Hata yeye, mkwaju wake wa yadi 48 uliowapa New England Patriots ubingwa Februari 2002, mpira wa mwisho kabisa wa mechi, haumo kwenye zile 2,673.

Basi siku nyingine ukisikia tunasoma rekodi za mchezaji, uliza kwanza: zimehesabiwa mechi zipi?