Mpira wa kamera tumboni: lipi kweli, lipi porojo

Daktari akikuandikia endoskopi, kabla hujafika nyumbani umeshapata washauri watatu, na mmoja wao lazima ana shemeji aliyekabwa na mpira. Tuyachambue maneno yao.

Mpira unaziba pumzi. Si kweli. Chakula kina njia yake na hewa ina yake; mpira unapita kwenye umio. Unene wake ni kama sentimita 1, mwembamba kuliko tonge la ugali. Kero yenyewe ni koromeo, ambalo likiguswa linataka kutapika. Ndiyo maana kwanza unapuliziwa ganzi kooni. Ni chungu, na baada ya dakika chache utadhani huwezi kumeza, kumbe unameza. Unalazwa ubavu wa kushoto, unauma kidude cha plastiki chenye tundu, mpira unapitia hapo. Mate yatachuruzika, yaache, muuguzi anayafyonza. Wewe pumua taratibu kwa pua. Tumbo linapulizwa hewa ili kuta zake zionekane, kwa hiyo utabeua, tena kwa sauti, na hakuna wa kukushangaa. Mara nyingi kazi yote ni dakika 5 hadi 15.

Lazima ulale nusu kaputi. Si kweli. Wengi humaliza kwa ganzi ya koo tu. Wengine huchomwa sindano ya kuwalegeza, na huenda wasikumbuke chochote baadaye. Ukiichagua hiyo, njoo na mtu wa kukurudisha: usiendeshe gari wala bodaboda, wala usisaini hati ya kiwanja, mpaka kesho yake.

Uji mwepesi hauna neno. Una neno kubwa. Tumbo linatakiwa kukaa bila chakula saa 6 hadi 8, na uji na chai ya maziwa ni chakula. Ukificha, kamera itaona uji, au utatapika na matapishi yaingie mapafuni. Maji matupu yana masharti yake. Fuata uliyopewa hospitalini. Uliza pia kuhusu dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda, usiziache kwa uamuzi wako. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, nayo huficha bakteria wa tumboni, hivyo wanaotafutiwa bakteria huambiwa waisimamishe wiki 2 kabla.

Ukikatwa kinyama, una saratani. Si kweli. Vinyama huchukuliwa kwa sababu nyingi, na hutausikia mkato. Mara nyingi anayesakwa ni bakteria Helicobacter pylori, anayeweza kuleta vidonda vya tumbo. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alijipitisha kwenye endoskopi, akanywa bakteria hao, akaugua, akarudi kwenye mpira siku chache baadaye: tumbo lilikuwa limevimba ndani. Yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Lakini kuwa na bakteria si kuwa na vidonda. Wengi wanao na hawaugui kitu, na kipimo cha kingamwili kwenye damu kinaweza kuendelea kuwaonyesha hata baada ya kupona. Kumbuka hilo kabla ya kununua dozi ya tatu dukani.

Kamera inaangalia tu. Si kweli, na hapa ndipo kipimo hiki kinapookoa watu. Kanda ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huharibu mishipa ya ini. Damu inakwama, mishipa ya umio inavimba, siku moja inapasuka. Mtu anatapika damu, ndugu wanasema ni vidonda. Kwa mpira huohuo daktari anaifunga mishipa kwa vipete vya mpira. Kule Bomet, Kenya, Hospitali ya Tenwek imewawekea kwa njia hiyohiyo wagonjwa wengi wa saratani ya umio bomba la kuwasaidia kumeza tena.

Isipoonekana kitu, hela imepotea. Sikubaliani. Wapo wanaomeza dawa za vidonda miaka nenda rudi bila kuwa na kidonda hata kimoja, na wanastahili kuambiwa hivyo. Ila anayeshindwa kumeza, anayepungua uzito bila sababu au anayepata choo cheusi tii asianze kubishana na gharama.

Ni salama kabisa. Karibu, ila si kabisa. Koo kuwasha siku moja au mbili ni kawaida. Kutoboka ni nadra sana, lakini kupo: ukipata maumivu makali, homa au ukitapika damu, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.