Umbali wa Waya Mmoja

Simu iko upande huu wa meza, kompyuta upande ule, na kati yao hapatoshi hata sahani ya chai. Lakini video ya harusi inapotakiwa kutoka kwenye simu na kuingia kwenye kompyuta, wengi wetu huipeleka kwanza ng'ambo. Tunaipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile tuliyozoeshwa kuiita wingu, kisha tunafungua kompyuta na kuipakua upya kutoka huko. Wingu ni jibu zuri, ila ni jibu la swali jingine. Anayeuliza simu yake ikiibwa picha zitapona vipi, wingu linamfaa. Anayetaka tu kuivusha video mezani hana sababu ya kuipitisha nchi ya mbali, na akifanya hivyo atalipa kwa bando, kwa muda, na pengine kwa ubora wa picha zenyewe.

Tupige hesabu. Tuchukue video ya GB 4, ukubwa ambao simu ya leo huufikia kabla nusu saa haijaisha ikirekodi kwa ubora wa juu. Kwa njia ya wingu, GB 4 zinakatwa kwenye bando wakati wa kupanda na GB 4 nyingine wakati wa kushuka: umelipia nane ili upate nne zilizokuwa zako tangu mwanzo. Mtandao ukiwa na kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, kupanda peke yake ni saa moja na dakika 47. Sasa tuutazame waya wa USB 2.0, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2000 na ambayo bado imo katika simu nyingi za bei nafuu. Uwezo wake kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Karatasi huvumilia mengi, kwa hiyo tuukate nusu. Bado video ile ile inavuka kwa dakika mbili na ushei, na bando halijaguswa. Isitoshe, nafasi ya bure huko mawinguni ina ukomo. Google hutoa GB 15, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya nazo huhesabiwa humo pamoja na barua pepe. Video nne za namna hiyo, na ghala limefurika.

Kuna pia suala la njia yenyewe kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Mwenye kazi yake mawinguni alikaa akitazama kiduara kinachozunguka. Waya wa mezani haukuwa na habari na bahari.

Atasema mtu: waya huo nimeujaribu, kompyuta haikuona kitu. Malalamiko haya ni ya kweli na ndiyo huwarudisha wengi kwenye wingu, ingawa chanzo chake mara nyingi ni kimoja kati ya viwili. Ndani ya waya wa kawaida wa USB 2.0 kuna nyuzi nne: mbili hubeba umeme, mbili hubeba data. Watengenezaji wa nyaya za bei ya kutupa huziacha zile mbili za data ili kubana gharama, na mnunuzi hawezi kujua kwa macho, maana simu inachaji vizuri tu. Jaribu waya mwingine kabla ya kuilaumu kompyuta. Chanzo cha pili ni simu yenyewe. Simu ya Android ikichomekwa huanza na hali ya kuchaji peke yake, kwa makusudi, ili isimwage siri zako kwenye kila tundu la USB unalokutana nalo. Ifungue kwa nywila, shusha pazia la arifa, gusa taarifa ya USB, uchague kuhamisha faili. Kwenye Windows itatokea kama kifaa kipya. Picha za kamera ziko ndani ya folda iitwayo DCIM, na za WhatsApp zimejificha mbali kidogo, katika folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Mwenye Mac anahitaji programu ya ziada, kwa sababu Mac haizungumzi lugha ya Android kwa waya. iPhone nayo huuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Ukikubali, hukuonyesha picha na video. Picha zake za muundo wa HEIC, zilizoanza na iOS 11 mwaka 2017, huenda zikagoma kufunguka kwenye kompyuta ya zamani, lakini katika mipangilio kuna sehemu ya kuiagiza simu izigeuze zinapohamishwa kwenda Windows.

Asiye na waya ana njia ya kurusha, na hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo lugha ya mtaani huyaweka kapu moja. Bluetooth ni mwendo wa konokono: kwa megabiti 2 kwa sekunde, video yetu ya GB 4 ingechukua zaidi ya saa nne. Inafaa kwa barua ya maombi ya kazi, haifai kwa harusi. Programu kama Xender hutumia mawimbi ya Wi-Fi, ndiyo maana zina kasi, na hazili bando kwa sababu data inatoka kifaa kimoja kwenda kingine bila kugusa intaneti. Ila si zote ni za kuaminiwa. Mwezi Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza udhaifu mkubwa ndani ya SHAREit ya Android. Kwangu mimi LocalSend ndiyo ya kupendekeza: ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, husimba inachokituma, na inakaa kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Kwenye Android, washa hotspoti ya simu, zima data, unganisha kompyuta, rusha.

Wapo wanaojitumia picha wenyewe kwa WhatsApp na kuona wamekwepa gharama. Hawajakwepa. Picha inapanda hadi kwenye seva na kushuka tena, na njiani hubanwa ikapoteza ubora wake, labda uitume kama hati.

Hofu nzito zaidi ni ya virusi, hasa kwa anayechapisha nyaraka zake steshenari. Hofu hiyo ina msingi. Memori kadi au flashi ikichomekwa kwenye kompyuta iliyoambukizwa hupokea chochote inachoandikiwa, na kesho inakipeleka nyumbani. Hata hivyo dawa yake si kupanda mawinguni; anayefungua akaunti yake kwenye kompyuta ya watu na kusahau kutoka ameacha wazi barua pepe zake zote, jambo baya kuliko kirusi cha flashi. Bora flashi ndogo iliyobeba hati moja tu ya kuchapishwa.

Inabaki hoja ya wizi na ajali, na hapo wingu lina haki yake: waya hautakurudishia picha ambazo hukuzihamisha. Anayeweza kumudu ahifadhi mtandaoni zile chache asizoweza kuzipiga tena. Asiyeweza, anunue diski ya nje na kuiweka nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki, maana picha zilizohamishwa na kufutwa simuni zimebaki nakala moja kama mwanzo, zimebadilisha tu makazi. Na wakati wa kuhamisha, nakili, usikate. Waya ukichomoka katikati ya kukata, mafaili yanaweza kubaki nusu huku na nusu kule. Nakili zote, fungua video mbili tatu kwenye kompyuta uzitazame mpaka mwisho, ndipo urudi kwenye simu kufuta.