Seva Isiyowaka: Namna ya Kuitafuta Hitilafu

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Huhifadhi masomo, orodha za wanafunzi na alama za mitihani, na kuzitoa kila zinapoombwa. Hebu msomaji aifikirie skuli moja ya mtaa wa Kikwajuni, Unguja, iliyopata seva iliyokwisha kutumika kwingine. Mashine inatolewa sandukuni, inachomekwa ukutani, swichi inabonyezwa, wala hakuna linalotokea. Au feni zinavuma, lakini kioo kinabaki cheusi. Wengi huilaumu mashine papo hapo. Kisiwani lawama hiyo aghalabu ni ya haraka mno, kwani mashine haifanyi kazi peke yake: inategemea umeme, na inazungukwa na hewa ya bahari.

Tangu 1980 Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme huo kwa muda wa kama mwezi mmoja, na tena kwa miezi mitatu hivi, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kutumika 2013. Lakini giza lenyewe haliidhuru sana mashine. Hatari kubwa ni ule mpigo wa volti wakati umeme unaporudi, na volti zinazopanda na kushuka za jenereta ndogo. Kwa hiyo uchunguzi huanzia kwenye soketi. Fundi wa umeme aliyehitimu, wala si mwanafunzi, hupima kati ya waya wenye moto na waya wa kurudishia, ambako zinatakiwa takriban volti 230, na kati ya waya wenye moto na ardhi, ambako zinatakiwa zilezile. Ikiwa mtu anahisi mtekenyo anapogusa bati la mashine, yaelekea waya wa ardhi haupo au umekatika. Vichuja-umeme vilivyomo ndani huliachia bati hilo kiasi cha nusu ya volti za ukutani, ambazo zilipasa kumezwa na ardhi. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi nayo itazamwe. Ni jambo dogo ambalo limewahi kuwapotezea watu siku nzima.

Umeme wa ukutani ukiwa salama, hufuata kisanduku cha umeme, yaani pawa saplai, kinachougeuza kuwa volti ndogo. Waya wa volti 12 unaruhusiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6. Hapa kuna mtego. Saplai dhaifu huonyesha volti 12 kamili inapopimwa bila mzigo, kisha huporomoka prosesa na diski zinapoanza kufanya kazi. Hali hii inafanana na bomba lililoziba kwa kutu: maji hutoka vizuri kwenye mfereji mmoja, ila ukifunguliwa wa pili, wa kwanza huanza kudondosha matone. Kipimo cha kweli ni kile kinachochukuliwa mashine ikiwa kazini.

Hewa nayo ina hesabu yake. Kikwajuni si mbali na bahari, na upepo huchukua chembe za chumvi hadi vyumbani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, kiwango ambacho ni cha kawaida visiwani, hasa wakati wa masika. Vumbi lililokaa kavu juu ya ubao mkuu hugeuka utando wa maji ya chumvi. Utando huo hupitisha umeme mahali pasipotakiwa na kula shaba. Vilevile, mashine iliyotoka katika chumba chenye kiyoyozi hutoa jasho ikiingizwa kwenye joto la nje, kama chupa ya maji baridi mezani. Iachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Miguso ya vibao hupanguswa kwa spiriti na kitambaa laini. Raibu ya kuisugua kwa kifutio cha penseli si nzuri, kwani huondoa dhahabu nyembamba iliyopakwa kuikinga.

Baadaye ndipo mashine yenyewe hupunguzwa. Diski na kadi za ziada huondolewa. Vinabaki saplai, ubao mkuu, prosesa moja na kibao kimoja cha kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM, katika tundu linalotajwa na kijitabu cha mashine. Ikiwaka, vitu hurudishwa kimoja kimoja, na kila kinachorudishwa huandikwa. Anayebadilisha viwili kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichoponya. Vibao vikiwa 8 na kimoja tu ni kibovu, hapana haja ya majaribio 8: hujaribiwa 4, kisha 2 kati ya kundi lenye kasoro, kisha 1. Majaribio 3 yanatosha, kwa kuwa 8 ni 2 kwa kipeo cha 3.

Hitilafu ya kuogopwa zaidi, hata hivyo, ni ile isiyoizuia mashine kuwaka. Alama 41 huandikwa ndani ya kumbukumbu kama 00101001. Tarakimu moja tu ikigeuka, inakuwa 00111001, ambayo ni 57. Mwanafunzi amepandishwa, au mwenzake ameshushwa, wala hakuna aliyegusa karatasi. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Marekani alichapisha namna ya kuongeza tarakimu za ulinzi zinazofichua kosa na kulirekebisha. Seva nyingi huweka tarakimu 8 za ulinzi kwa kila 64, na huandika katika kumbukumbu za matukio kila kosa zililolirekebisha. Orodha hiyo isomwe, kwani makosa yanayojirudia katika kibao kilekile ni dalili ya kibao kinachokufa. Kompyuta ya mezani inayotumiwa kama seva kwa kawaida haina kinga hiyo. Kumbukumbu yake hukaguliwa kwa programu maalumu usiku kucha, na tena saa nane mchana, chumba kikishapata joto, kwa sababu kibao kinachofaulu alfajiri huweza kushindwa saa hiyo.