Je, Wajua? Maziwa hukamuliwa maji bila moto

Takriban asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji. Kuyatoa kwa mvuke ili maziwa yawe mazito hula nishati nyingi, kwa hiyo viwanda vingi huanza kwa kuyachuja. Pampu husukuma maziwa kwenye utando mwembamba uliozungushwa ndani ya bomba, kwa shinikizo la bar 30 au zaidi, zaidi ya mara kumi ya upepo wa tairi la gari dogo. Maji hupenya; mafuta, protini, sukari na karibu chumvi zote hubaki. Uzuri ulioje! Hata maji hayo hayamwagwi: yakisafishwa tena, huoshea mitambo. Utando wa aina hii watafiti Loeb na Sourirajan waliubuni California, wakitafuta kuondoa chumvi ya maji ya bahari.